Juu ya Gazeti The Strand: Uzuri Wake na Mpaka Wake

Wengi wetu tulisoma hadisi za Sherlock Holmes, ama kwa Kifaransa masomoni, ama katika vitabu vidogo vinavyopita toka mkono hata mkono mpaka jalada linakatika. Lakini ni wachache wanaojua ya kuwa hadisi zile, mbele ya kuwa vitabu, zilikuwa kurasa za gazeti. Anayesoma hadisi bila kujua gazeti lililoizaa anafanana na mtu anayekula muhogo bila kujua shamba ulikotoka: anashiba, lakini akiulizwa kwa nini muhogo huu ni mtamu na ule ni mchungu, hana jibu.

Gazeti lenyewe liliitwa The Strand Magazine. Lilitoka katika mji wa London, mwezi kwa mwezi, tangu mwezi wa kwanza 1891 hata mwezi wa tatu 1950. Nataka kusema mambo mawili juu yake. Jambo la kwanza: lilifaulu kwa sababu liliheshimu msomaji mwenye feza kidogo na nafasi kidogo, likampa kitu kilichokamilika. Jambo la pili: umbo lile lile lililompendeza msomaji liliweka mpaka. Lilijua kuonyesha taabu ya mtu mmoja anayeingia katika chumba kimoja cha London. Taabu ya watu maelfu walio mbali haikupata mahali ndani yake. Mfano tutauona karibu na nyumbani, kwani mwandishi wake mkubwa, Arthur Conan Doyle, aliandika pia kitabu kizima juu ya mateso ya Congo, na kitabu kile kilitoka inje ya gazeti hili.

Tuseme kwanza habari zake kwa utaratibu, kiisha tutahukumu.

1. Namna lilivyozaliwa

Mwanzilishi wake ni George Newnes, aliyezaliwa mwaka 1851 katika Matlock Bath, jimbo la Derbyshire, mtoto wa mchungaji wa Kiprotestanti. Alikuwa mfanya biashara. Mwaka 1881, katika mji wa Manchester, alianzisha gazeti la kila juma lililoitwa Tit-Bits, lenye vipande vifupi vifupi vilivyookotwa katika vitabu na magazeti mengine. Gazeti lile lilimtajirisha.

Ili kuelewa jambo hili yafaa kukumbuka hali ya Uingereza siku zile. Sheria ya mwaka 1870 iliagiza masomo ya watoto wadogo yafunguliwe po pote yalipokosekana, na sheria ya mwaka 1880 iliwalazimisha watoto kuyafuata. Miaka kumi baadaye palikuwa na watu wengi sana waliojua kusoma, hata katika jamaa ambamo kitabu kilikuwa kitu cha wengine. Hao walikwenda kazini kwa gari la moshi, na katika vituo vikubwa palikuwa na vibanda vya kuuzia magazeti. Walikuwa na nusu saa ya kukaa kitako, peni chache mfukoni, na kichwa kilichochoka. Magazeti ya hadisi yaliyokuwako, kama Cornhill lililoanza mwaka 1860 kwa bei ya shilingi 1, hadisi zake ndefu zilikatwa vipande: kipande mwezi huu, kipande mwezi ujao, hata mwaka ukaisha.

Mwaka 1890 Newnes alishirikiana na mwandishi W. T. Stead katika gazeti jingine, Review of Reviews, lakini hawakupatana, wakaachana kiisha miezi michache. Ndipo Newnes akageukia mpango mpya. Alikuwa ameona magazeti ya Marekani yenye sanamu nyingi, akaona hakuna sababu Uingereza ikose la namna ile. Kazi ya kuchagua maandiko aliiweka mikononi mwa Herbert Greenhough Smith, mtu mtulivu aliyeishika tangu mwanzo hata mwaka 1930. Fikiri: miaka karibu 40 mtu mmoja anasoma maandiko yanayoletwa mlangoni, anakubali haya, anarudisha yale. Magazeti mengi hufa kwa kubadili nia kila mwaka. Hili lilikuwa na nia moja kwa maisha mazima ya mtu.

Jina lilitoka kwa njia kubwa ya London inayoitwa Strand, karibu na nyumba ya gazeti katika Burleigh Street. George Charles Haité alichora jalada lake: njia yenyewe, watu wakipita, magari ya farasi, na jina la gazeti limetundikwa juu kwenye nyaya za simu. Bei iliwekwa peni 6, yaani nusu ya shilingi. Kurasa zilikuwa zaidi ya 100, na Newnes alitaka msomaji akifungua po pote akutane na sanamu. Inasemekana nakala za kwanza zilizouzwa zilikaribia 300,000, na baadaye hesabu ikaendea 500,000. Bei ndogo iliwezekana kwa sababu ya wingi huo, na kwa sababu ya matangazo ya biashara yaliyojaa mbele na nyuma ya kila nakala: sabuni, kakao, vidonge vya tumbo. Hatuna haja ya kulaumu jambo hili. Lakini tulikumbuke, kwa maana anayelipa sehemu ya karamu hupenda wageni wafurahi, hapendi waondoke na uzito moyoni.

2. Hadisi iliyokamilika

Katika nakala za kwanza, Greenhough Smith alijaza kurasa nyingi kwa hadisi zilizogeuzwa toka luga nyingine, hasa Kifaransa. Zilikuwa nzuri, lakini hazikufungamana. Ndipo, katika mwaka ule ule wa 1891, yakamfikia maandiko ya mganga kijana.

Arthur Conan Doyle alizaliwa Edinburgh mwaka 1859, akalelewa na Majezuiti katika koleji ya Stonyhurst, ingawa baadaye aliiacha imani ya wazazi wake. Alijifunza uganga, na mwaka 1891 alijaribu kuwa mganga wa macho katika London, lakini wagonjwa hawakuja. Sherlock Holmes alikuwa amekwisha mtunga katika vitabu viwili, cha mwaka 1887 na cha mwaka 1890, navyo havikuvuma sana. Neno jipya alilolileta ni mpango wa kuandika. Aliona ya kuwa hadisi ndefu iliyokatwa vipande inamchosha msomaji: akikosa nakala moja, amepotea njia. Aliona pia ya kuwa hadisi fupi zisizo na uhusiano hazimvuti mtu kurudi mwezi ujao. Basi akachukua njia ya katikati: mtu mmoja yule yule kila mara, lakini kila hadisi inaanza na kumalizika katika nakala moja. Ya kwanza, A Scandal in Bohemia, ilitoka mwezi wa saba 1891.

Wazungu waliona jambo hili kuwa geni. Wazee wetu walilijua zamani. Kalulu ni yule yule kila jioni, lakini hila yake ya leo si ya jana. Mtoto aliyesinzia jana usiku hakosi kuelewa ya leo, na aliyesikia yote ana furaha ya kumtambua rafiki yake wa siku nyingi. Doyle alipata kwa akili ya biashara kile ambacho mazungumzo ya moto yalikuwa yamekipata kwa desturi.

Tazama sasa umbo la hadisi hizi. Tuko katika chumba cha Baker Street, moto unawaka, inje kuna ukungu. Mtu anapanda ngazi, anaketi, anasimulia taabu yake. Holmes anamwangalia mikono, viatu na kofia, anamwambia mambo ambayo hakuyasema. Kiisha wanakwenda mahali penyewe, wanaona alama ndogo, na mwishoni yote yanafunuliwa. Katika hadisi ya The Speckled Band, ya mwezi wa pili 1892, msomaji anaonyeshwa kamba ya kengele isiyoliza kengele yo yote, na kitanda kilichofungwa sakafuni kisiweze kusogezwa. Hakufichwa kitu. Alikuwa na macho kama ya Holmes, lakini hakuyatumia. Akifika mwisho anajipiga paji la uso, anaanza kusoma tena.

Hapo ndipo heshima kwa msomaji ilipo. Doyle hamhubirii, wala hamdanganyi kwa maneno makubwa. Anamwambia: nipe nusu saa yako, nami nitakurudishia kitu kizima. Kila mwezi anatimiza. Watu wanaotengeneza magazeti madogo ya parokia na ya masomo katika luga yetu wangefaidika wakifikiri juu ya ahadi hii, kwa maana ni mara ngapi tunaandika mwisho wa ukurasa ya kuwa habari itaendelea, na haiendelei!

Kwa mambo mengine ya gazeti nitapita upesi. H. G. Wells alitoa humo hadisi yake ya safari ya mwezini, toka mwisho wa 1900 hata 1901. E. Nesbit aliandikia watoto, P. G. Wodehouse alichekesha wakubwa. Palikuwa na sanamu za watu wakubwa katika umri mbalimbali, na habari za vitu vya ajabu. Mwaka 1892 Malkia Victoria mwenyewe aliruhusu watoto wa bandia aliochezea alipokuwa msichana waandikwe na kuchorwa humo. Haya yote yaliburudisha. Lakini aliyelishikilia gazeti ni Holmes, na waliolitengeneza walijua.

3. Nguvu ya sanamu

Mchoraji wa hadisi za Holmes alikuwa Sidney Paget. Husimuliwa ya kuwa barua ya kumwita ilikusudiwa ndugu yake Walter, naye mchoraji, lakini ilimfikia Sidney. Husemwa pia ya kuwa alimtumia Walter kuwa mfano wa uso wa Holmes. Doyle mwenyewe alikuwa amemfikiri Holmes kuwa mtu mwenye nguvu zaidi na sura mbaya zaidi. Paget akamfanya mzuri, na tangu siku ile amebaki mzuri.

Angalia pia kofia. Watu wa dunia nzima wanamtambua Holmes kwa kofia yake ya mawindo, yenye ukingo mbele na nyuma. Doyle hakuitaja hata mara moja kwa jina lake. Katika The Boscombe Valley Mystery, ya mwezi wa kumi 1891, aliandika tu kofia ya kitambaa inayokaza kichwa. Paget ndiye aliyechora ile ya mawindo. Sanamu ikashinda neno. Hili ni fundisho zito. Msomaji husahau sentensi, lakini uso uliochorwa unakaa naye hata uzeeni. Anayeshika kalamu ya sanamu anashika kumbukumbu ya watu. Kwa hiyo tukiuliza gazeti lilisema nini juu ya watu weusi, hatutosheki na maneno tu. Tuulize pia nani alichorwa, na namna gani.

4. Mwandishi aliyefungwa kwa kamba yake

Doyle alilipwa vizuri. Kwa hadisi sita za pili aliomba pauni 50 kila moja, akidhani watakataa; walikubali mara moja. Kisha aliomba pauni 1,000 kwa hadisi 12, wakakubali tena. Lakini yeye alipenda zaidi vitabu vyake vya historia, akaona Holmes anakula nguvu zake. Mwezi wa kumi na mbili 1893 akamwangusha katika maporomoko ya Reichenbach, inchi ya Uswisi. Wasomaji walikasirika, wakaandika barua za masikitiko na za matusi.

Gazeti lilivumilia, likangoja. Tangu mwezi wa nane 1901 hata mwezi wa ine 1902 lilitoa The Hound of the Baskervilles, hadisi ndefu ya mambo yaliyotangulia kifo chake. Mwaka 1903 Holmes akarudi mzima, na hadisi zikaendelea hata mwaka 1927. Anayezisoma kwa mfululizo anaona wazi ya kuwa za mwisho zina uchovu. Mapenzi ya wasomaji yaligeuka kamba: yalimtajirisha mwandishi, yakamkataza kupumzika. Na kamba ile ilifunga jambo jingine kubwa zaidi, ambalo sasa nalifikia.

5. Hadisi zenyewe na kitabu cha Congo

Nianze na iliyo bora, nisije nikaonekana mtu wa kutafuta makosa tu. Mwezi wa pili 1893 ilitoka The Yellow Face. Bwana mmoja, Grant Munro, anaona mke wake anakwenda kwa siri katika nyumba ya jirani, na dirishani anaona uso wa ajabu, wa rangi ya manjano, usio na uhai. Holmes anazani mume wa kwanza wa mwanamke yu hai na anamtesa kwa vitisho. Amekosa kabisa. Uso ule ni kinyago, na nyuma yake kuna mtoto mweusi, binti wa mwanamke yule na mume wake wa kwanza, mwanasheria mweusi wa Atlanta, katika Marekani, aliyekufa. Mama alimficha mtoto kwa kuogopa kuachwa. Munro ananyamaza dakika mbili. Kiisha anamwinua mtoto, anambusu, anamnyoshea mke wake mkono, na pamoja wanaelekea nyumbani.

Kwa mwaka 1893 hadisi hii ni ya adili kubwa. Mwenye akili nyingi anashindwa. Mwenye moyo mwema anashinda. Holmes mwenyewe anamwomba Watson amkumbushe siku ile kila atakapojisifu. Paget alichora mtoto akiinuliwa mikononi mwa baba yake mpya. Lakini angalia vema: mtoto hapewi neno la kusema. Yupo ili wakubwa wapate kujulikana ni watu wa namna gani. Ni mpaka mdogo, katika hadisi njema, tuushike moyoni.

Sasa tuje kwetu. Tangu mwaka 1885 hata 1908 inchi hii ilikuwa mali ya Leopold II, mfalme wa Wabeljiki, iliyoitwa Dola Huru ya Congo. Wazee walipokea toka kwa wazee wao habari za mpira, za wanawake waliofungwa ili waume wao waingie porini kuutafuta, za fimbo na za mikono iliyokatwa. Namna habari zile zilivyothibitika huko Ulaya inatuhusu hapa, kwa maana ilikuwa kazi ya upelelezi wa kweli. Edmund Dene Morel alikuwa karani wa kampani ya meli ya Liverpool, akatumwa mara kwa mara Antwerpen kuangalia hesabu za meli za Congo. Aliona meli zinafika zimejaa mpira na pembe, na zinarudi Congo na bunduki, risasi na askari. Vitu vya kubadilishana na wenyeji ni haba mno. Akafikiri hivi: ikiwa mali inatoka, na malipo hayaendi, basi watu wale hawauzi; wanalazimishwa. Hakuwa amekanyaga Congo. Alisoma daftari tu, akatambua utumwa.

Ndiyo kazi ya Holmes yenyewe: alama ndogo, iliyo wazi mbele ya wote, na mtu mmoja anayeiona. Roger Casement, konsuli wa Uingereza, alisafiri katika inchi yenyewe akasikiliza watu, na taarifa yake ilichapwa mwaka 1904. Mwaka ule ule Morel na wenzake waliunda shirika la kupigania watu wa Congo. Mwaka 1909 Doyle akajiunga nao, akaandika The Crime of the Congo, akahutubia watu pamoja na Morel katika miji ya Uingereza.

Mtu aliyezoea hadisi zake akikifungua kitabu kile hatamtambua mwandishi. Hakuna chumba, hakuna moto, hakuna kufunuliwa kwa mwisho. Ni shahidi baada ya shahidi, mahali, mwaka, hesabu. Misioneri anasema hivi, konsuli anasema hivi. Doyle aliweka chini ufundi wake wote wa kuficha na kufunua. Kwa nini? Kwa sababu hadisi ya The Strand inataka vitu vitatu: mkosaji mmoja, siri moja, na mwisho unaorudisha amani. Katika Congo mkosaji alikuwa mfalme na makampani yake. Siri haikuwako, kwa kuwa kila kijiji kilijua. Na amani hapakuwa na mtu wa kuirudisha katika kurasa 15. Kosa kubwa lilizidi chombo kilichotengenezwa kwa makosa madogo.

Hata hivi Doyle asigeuzwe mtakatifu. Katika kitabu kile alitazamia wokovu kutoka kwa mataifa mengine ya Ulaya. Ya kuwa wenyeji wangeweza kujitawala, hakuuliza. Mwaka 1902 alikuwa ametetea vita vya Waingereza katika Afrika ya Kusini. Aliona vizuri zambi ya mfalme wa jirani kuliko ya nyumba yake. Lakini alisema, wakati wengi walinyamaza, na deni hilo tunalikubali.

Sasa jambo linalonishangaza. Mwezi wa kumi na mbili 1910, mwaka mmoja tu kiisha kitabu kile, The Strand lilitoa hadisi ya Holmes iitwayo The Devil's Foot. Katika Cornwall watu wanakufa au kuingiwa na wazimu usiku mmoja, bila jeraha. Sababu yake ni unga wa mizizi yenye sumu. Mizizi ile imetoka wapi? Katika inchi ya Ubangi, asema mwenyewe aliyeileta, daktari Sterndale, msafiri na mwindaji wa simba. Ubangi, mto tunaoujua sote! Na mwishoni, Sterndale akiisha kulipiza kisasi kwa kuua, Holmes anamwachilia arudi Afrika ya Kati kumaliza kazi yake.

Hadisi imetungwa vizuri. Anayeisoma usiku anaogopa kweli. Lakini weka maandiko mawili pamoja. Katika kitabu cha 1909 mto wetu una watu, nao wana majina na vijiji na majeraha. Katika gazeti la 1910 mto wetu ni kabati ya sumu, tena ni mahali pa kumpeleka muuaji ambaye London haitaki kumhukumu. Hakuna mtu wa Ubangi hata mmoja. Mwandishi ni yule yule, kalamu ni ile ile, na mambo aliyoyajua hayakufutika kichwani kwa miezi michache. Kilichobadilika ni mahali pa kuandikia. Mkono ulirudi katika umbo uliozoea, na umbo lile liliamua nani ni mtu na nani ni kitu cha kutishia.

Ushahidi mwingine: mwaka 1912 The Strand lilitoa The Lost World, safari ya kwenda kuona wanyama wa zamani katika Amerika ya Kusini. Wengi wameona ya kuwa Lord John Roxton ana sura ya Casement, na Malone, mwandishi wa gazeti, ana kitu cha Morel. Basi wapiganaji wa Congo waliingia katika gazeti, lakini kama mashujaa wa mchezo. Mtu mweusi wa safari ile, Zambo, ana nguvu na uaminifu, akili amenyimwa. Na katika The Three Gables, ya mwaka 1926, Holmes anamdhihaki mpiganaji mweusi kwa sura yake, na msomaji anaalikwa kucheka. Toka yule mtoto aliyebusiwa mwaka 1893 hata dhihaka hii ni safari ya kushuka.

Mtu atanijibu: hadisi ni ya kuburudisha, usiidai iwe hukumu ya mahakama. Ni kweli, nami siidai. Sisemi hadisi ya mchezo ni uwongo. Nasema msomaji ajue chombo anachokula ndani yake, na kiasi kinachoweza kuchukua. Gazeti lililofundisha watu maelfu kuangalia vumbi la viatu halikuwafundisha kuuliza mpira wa magurudumu yao ulitoka wapi. Na swali hilo la pili, karani wa Antwerpen alilijibu kwa njia ile ile ya kuangalia.

6. Mwisho wake, na hukumu

Kiisha vita ya kwanza gazeti liliendelea, lakini dunia yake ilikuwa inapita. Sinema ilichukua jioni za watu, radio ikachukua nyumba, na toka mwaka 1935 vitabu vya Penguin viliuzwa peni 6, bei ile ile ya The Strand la zamani. Vita ya pili ilileta uhaba wa karatasi; mwaka 1941 gazeti lilipunguzwa likawa dogo la mfukoni. Wahariri walifuatana upesi, na nakala ya mwisho ikatoka mwezi wa tatu 1950. Mwaka 1998 jina lake liliamshwa tena katika Marekani kwa gazeti jingine la hadisi za upelelezi. Lakini lile la Newnes limekwisha.

Hukumu yangu ni hii. Kama kazi ya mikono, The Strand ni mfano mwema: bei ya haki, hadisi iliyomalizika, mchoraji aliyeheshimiwa, mhariri mwenye subira. Anayetaka kuandikia watu wa kazi katika luga yetu asione haya kujifunza humo. Kama dirisha la dunia, lilikuwa dirisha la chumba kimoja, linaloangalia njia moja, na wa mbali alionekana tu alipopita chini yake.

Kwa walimu wa seminari ndogo natoa shauri moja la kazi. Katika somo la kuandika, wape wanafunzi The Devil's Foot, na siku ya pili wape kurasa chache za The Crime of the Congo. Usiwaambie kwanza ya kuwa mwandishi ni mmoja. Waulize tu: katika andiko hili, nani anasema? Nani anateswa, na jina lake ni nani? Nani anarudi nyumbani mwishoni? Wakisha jibu, waonyeshe jina lililo juu ya maandiko yote mawili. Kiisha waamuru waandike wenyewe hadisi ya kurasa tatu, iliyokamilika, inayoanza katika kijiji chao.